Fyuzi za makombora ya zamani: uanze kusoma chapa za Mwingereza, Mjerumani, Mfaransa au Mrusi?

Wakuu, ukiangalia picha za fyuzi za makombora ya mizinga ya zamani, yale madude ya shaba au chuma yenye umbo la koni yanayokaa kwenye pua ya kombora na kulilipua, macho yanakimbilia zile herufi na namba zilizogongwa kuzunguka kiwiliwili, na swali linalotoka mdomoni ni moja tu, nani kaitengeneza hii? Basi mtu anachukua herufi mbili tatu anazitupa Google, inamletea kampuni ya baiskeli, inamletea bendi ya muziki, inamletea shule ya sekondari ya huko Australia, anaachana nayo.

Mi nasema jina la kiwanda lisomwe mwisho. Kila nchi ilikuwa na swali lake inalotaka chapa ilijibu. Mwingereza alitaka kujua nani kauza na ni loti gani, yaani fungu gani lililotengenezwa pamoja, ili mzigo ukifeli ajue pa kwenda kugombana. Mjerumani wa enzi za Kaiser, mfalme wao mpaka 1918, alitaka askari wa mzinga ajue hii ni ya silaha gani na ni muundo wa mwaka gani. Mfaransa aliandika vipimo, ikae kwenye tundu lake basi. Mrusi wa Kisovieti alitaka wenzake waelewe na wewe usielewe. Kwa hiyo kabla hujachagua ujifunze chapa za nani, au ununue fyuzi ya nani kama wewe ni mkusanyaji, jiulize kwanza unatafuta jibu la swali gani, maana ukienda kwa Mrusi kutafuta jina la kampuni utakaa hapo mpaka jioni.

Kabla sijaenda mbali, naongelea fyuzi zilizoko makumbusho, za kwenye picha, au zilizonunuliwa kwa muuzaji anayeeleweka zikiwa zimetolewa baruti na zina karatasi ya kuthibitisha. Uliyoikuta shambani, pangoni, kwenye vyuma chakavu, hiyo sio ya kusoma, hiyo ni ya kuiacha ilipo na kuita polisi au jeshi. Ndani ya fyuzi kuna fataki yake yenyewe, haihitaji kombora zima kukuondoa vidole, na miaka mia haijaifanya iwe mpole. Watu wa Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, hawahitaji kuelezwa hili.

Haya, tuanze na namba kubwa, ile inayoonekana kuliko zote, kwa sababu hapa tu unaweza kutenganisha nchi bila kujua kiwanda hata kimoja. Chukua namba nne: 80, 96, 24/31 na 429. Zote utazikuta kwenye fyuzi na kila moja ina maana ya aina yake. Ya Mwingereza No. 80 ni namba ya orodha tu, sio milimita 80, sio mwaka 1880, ni fyuzi ya themanini kwenye daftari lao, na baada yake wanaweka Mk na namba za Kirumi kuonyesha imerekebishwa mara ya ngapi. Ya Mjerumani Dopp. Z. 96 hiyo 96 ni mwaka, 1896, na ukikuta n/A mbele yake ni kifupi cha Kijerumani cha "aina mpya", yaani muundo uleule uliofanyiwa marekebisho. Ya Mfaransa 24/31 ni vipimo vya kipenyo kwa milimita, mwaka wanauweka pembeni, mfano Mle 1899, yaani modeli ya 1899. Ya Mrusi V-429 ni namba ya faili, haina cha mwaka wala kipimo. Ukishika hili umeshapita nusu ya safari, na ndo maana huwa nashangaa mtu anaruka namba ya aina anakwenda kuhangaika na kiherufi kimoja kilichofutika.

Sasa tuwaweke Mwingereza na Mjerumani bega kwa bega, maana hawa wawili ndo wenye utamu zaidi na ndo waliopigana kwenye ardhi yetu 1914 mpaka 1918.

No. 80 ndo fyuzi ya Kiingereza utakayokutana nayo sana. Ilikuwa inafungwa kwenye makombora ya mizinga ya ratili 13 na ratili 18 (mzinga unaitwa kwa uzito wa kombora lake), inafanya kazi mbili, ya muda na ya kugonga. Ya muda maana yake kuna njia ya baruti ndani ya pete mbili inaungua taratibu, pete moja inazungushwa kwenye kipimo kabla ya kupiga, na kipimo chenyewe kimeandikwa kuanzia 0 mpaka 22. Ya kugonga maana yake ikifika chini inawaka yenyewe hata kama muda haujaisha. Kwenye ukingo wa chini wa kiwiliwili ndo kuna habari yote: namba 80, Mk yake, herufi au nembo ya kiwanda, tarehe (mara nyingi mwezi na mwaka, mfano 7/16 yaani Julai 1916), na namba ya loti. Pembeni unaweza kukuta mshale mpana wa serikali ya Uingereza, ule wenye mistari mitatu inayokutana juu, ishara kwamba mzigo umekaguliwa ukapokelewa kuwa mali ya serikali.

Huo mshale nao una lugha yake. Ukiwa ndani ya herufi C hiyo ni Kanada. Ukiwa ndani ya U ni Muungano wa Afrika Kusini. Ukiambatana na I ni India. Mtu anayefuatilia vita vya Afrika Mashariki hilo ni jambo kubwa, kwa sababu waliokuja kupigana huku chini ya bendera ya Uingereza hawakuwa Waingereza peke yao, Tanga Novemba 1914 walitua wanajeshi wengi kutoka India, na 1916 Jan Smuts akaja na watu wa Afrika Kusini. Ila usikimbilie kusema kitu kimetengenezwa India kwa sababu tu kina I, mshale ni alama ya mwenye mali, mtengenezaji anaweza kuwa mwingine kabisa.

Kwenye viwanda Mwingereza anakupa karamu. RL na mshale katikati ni Royal Laboratory ya Woolwich, kiwanda cha serikali. VSM ni Vickers, Sons and Maxim. EOC ni Elswick Ordnance Company, ile ya Armstrong kule Newcastle. Halafu 1915 Uingereza ikapata kashfa ya upungufu wa makombora, serikali ikayumba, ikaundwa wizara ya silaha chini ya Lloyd George, na kuanzia hapo viwanda vya kila aina vikaingizwa kwenye kazi. Kanada nako kampuni ya magari ya Russell ya Toronto ikageukia fyuzi. Wamarekani nao wakaingia, fyuzi No. 85 ni ya muundo wa Kimarekani iliyotengenezwa kwa ajili ya Waingereza, na Scovill ya Waterbury, Connecticut ni jina linalotajwa sana nayo. Matokeo yake fyuzi za Kiingereza za 1916 na 1917 zina herufi za viwanda vingi ajabu, nyingine ni nembo zilizosukwa herufi juu ya herufi hata ukitumia kioo cha kukuzia bado unaona mdudu tu. Kwa mtu anayependa historia ya viwanda hii ni pepo. Kwa mtu anayetaka jibu la haraka hii ni adhabu.

Na kuna mtego mmoja mdogo, ile V. Ukiona "80 V" usiruke kusema Vickers, inaweza kuwa Mk V tu wamebana nafasi. Angalia kama kuna Mk nyingine sehemu ingine ya duara, kama haipo basi hiyo V ni ya namba ya Kirumi na kiwanda bado hujakipata.

Mjerumani sasa. Kwake namba ya aina inakuja na kifupi kinachokwambia kazi. Dopp. Z. ni fyuzi ya kazi mbili, muda na kugonga. K.Z. ni fyuzi ya kanuni, yaani mzinga wa kupiga moja kwa moja, K.Z. 11 ni muundo wa 1911. H.Z. ni ya hauza, mzinga mfupi wa kurusha juu, na H.Z. 05 ndo ilikuwa inakaa kwenye hauza nyepesi ya sentimita 10.5. Kwa hiyo kabla hata hujafika kwenye kiwanda umeshajua silaha na umeshajua mwaka wa muundo, kitu ambacho Mwingereza hakupi mpaka uwe na daftari lake la namba.

Kipimo cha pete nacho kinawatenganisha vizuri sana. Mwingereza kaandika 0 mpaka 22, vizio vya muda wa kuungua, askari anatakiwa awe na jedwali la kugeuza umbali kuwa muda. Mjerumani kwenye Dopp. Z. 96 n/A ya mzinga wa sentimita 7.7 kaandika umbali moja kwa moja, kwa mita. Ukiona pete ina namba kubwa za mamia ya mita hiyo karibu hakika sio ya Mwingereza, hata kama maandishi mengine yote yameliwa na kutu. Mi nadhani hii ndo alama bora kuliko zote kwa anayeanza na ni ajabu watu wanaipita.

Ila ya Mjerumani ina herufi za kuchanganya ambazo sio kiwanda. m.V. na o.V. ni sehemu za kuseti, ya kwanza ni "na kuchelewa" yaani kombora liingie kidogo ndipo lilipuke, ya pili ni "bila kuchelewa". Az ni alama ya kuseti kwenye kugonga. Nimeshaona mtu kauza fyuzi anasema kiwanda ni "MV" na bei kaipandisha kwa sababu eti kiwanda hicho ni adimu sana, na kweli ni adimu, hakipo.

Viwanda vikubwa vya Kaiser vinasomeka. Sp inasomwa Spandau, viwanda vya serikali karibu na Berlin. Rh.M.F. ni ile kampuni tunayoijua leo kama Rheinmetall. Krupp wakati mwingine wanaandika jina zima bila aibu. Mwaka mara nyingi ni tarakimu mbili pembeni. Na pale tarehe ilipofutika malighafi yenyewe inakusaidia, Ujerumani ilizuiwa baharini ikaishiwa shaba, kwa hiyo kadiri vita ilivyosonga unakutana zaidi na zinki na chuma mahali palipokuwa na shaba ya njano. Fyuzi ya rangi ya kijivu iliyofura fura na kupasuka pasuka ni zinki, na inanong'ona kwamba ni ya miaka ya mwisho. Mwingereza hakufikishwa hapo kwa kiasi kile, kwa hiyo kwake metali haikupi tarehe kwa uhakika huo.

Hapa kuna stori ambayo lazima niichomeke maana inawachanganya hata wazoefu. Muundo wa fyuzi ya muda wa Vickers ulikuwa na hakimiliki ya Krupp. Mwaka 1902 Vickers walisaini mkataba na Krupp wa kulipa shilingi 1 na peni 3 kwa kila fyuzi, na fyuzi hizo zikawa zinagongwa KPz, kuonyesha hakimiliki ya Krupp. Halafu 1914 wakaanza kupigana! Vita ilipoisha Krupp akaja na bili yake, wakavutana miaka, mwaka 1926 wakamalizana kwa pauni 40,000. Kwa hiyo ukikuta KPz usiseme papo hapo "hii ya Mjerumani", angalia kama kuna No., kuna Mk, kuna mshale mpana. Vikiwepo hiyo ni ya Mwingereza iliyobeba jina la adui mgongoni. Mfano huu peke yake unatosha kuonyesha kwa nini nasema herufi za kampuni zisiwe za kwanza kusomwa.

Turudi nyumbani kidogo. Kama wewe ni mwongoza watalii Mombasa, au mwalimu wa historia Lindi, Mtwara, Tanga, kwako chapa za Kijerumani zina faida ya pekee. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa mtoni Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, lakini mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikatolewa majini ikatembezwa nchi kavu vita ikiendelea, mmoja uko Fort Jesus leo, umekaa jirani na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg yenyewe ndo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Halafu Machi 1916 meli ya Kijerumani ya kuleta mizigo, Marie, ikapenya mpaka ghuba ya Sudi kusini ikashusha silaha, ndani yake hauza nne za sentimita 10.5 na mizinga miwili ya milimani ya sentimita 7.5. Sasa weka pamoja: mizinga ya Königsberg na hauza za Marie zote ni sentimita 10.5, mtu anayepima kombora kwa rula hawezi kuzitofautisha haraka, lakini fyuzi inatofautisha. H.Z. 05 ni ya jeshi la nchi kavu, ya hauza, kwa hiyo picha ya H.Z. 05 iliyopatikana kusini mwa Tanzania inakuelekeza kwenye Marie na kipindi cha kuanzia Machi 1916. Ya meli ilikuwa kwenye mfumo wa majina wa jeshi la maji. Jina la kiwanda lisingekupa hata robo ya hiyo habari, Sp au Rh.M.F. zingekuwa kwenye zote mbili tu.

Upande wa Kiingereza huwezi kufanya ujanja huo kirahisi, No. 80 ilikwenda kila mahali, Ufaransa, Gallipoli, Mesopotamia, huku kwetu. Namba ya loti inaweza kukupa kiwanda na mwezi, lakini haikuambii ilipigwa wapi. Na kwa wale wanaotafuta habari za mababu waliokuwa King's African Rifles au wale wabeba mizigo wa Kariakoo, niseme wazi, hakuna fyuzi itakayokwambia babu alikuwa kikosi gani, hata muuzaji akuapie kwa Mungu wake.

Mfaransa nitampitia haraka. Yeye kwenye fyuzi zake za muda za zamani hakuweka pete ya kuzungusha. Kaweka koni yenye bomba jembamba la risasi (ile metali laini) lililojaa baruti likazungushiwa ndani, nje kuna namba zinazopanda kwa mzunguko, na askari alikuwa anatoboa tundu kwa mashine pale anapotaka moto uanzie. Uzuri wake kwa msomaji wa leo ni kwamba tundu halifutiki. Pete ya Mwingereza inaweza kuwa imezungushwa na watoto miaka ya themanini ukadhani ni kipimo cha askari, lakini fyuzi ya Mfaransa ikiwa na tundu ujue iliandaliwa kulipuka hewani kwa muda ule, isipokuwa na tundu ilipigwa kwa kugonga au haikupigwa kabisa. Kwa viwanda, APX ni Puteaux na ECP ni shule ya fataki ya Bourges. Ukiona herufi PDPs usizitafute kwenye fyuzi, hizo zinatoka kwenye ganda la shaba la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, na hapo ndo wauzaji wanachanganya ganda la huku na fyuzi ya kule wanauza kama seti moja.

Ambalo linanileta kwenye tarehe. Kombora kamili lina tarehe yake kwenye mwili, ganda lina yake kwenye kitako, fyuzi ina yake. Zote tatu zinaweza kuwa tofauti na bado seti ikawa halali kabisa, kwa sababu magala yalikuwa yanachanganya, na ganda lilikuwa linajazwa upya mara kadhaa. Tarehe kwenye fyuzi ni ya kutengenezwa kiwiliwili, sio ya kupigwa. Fyuzi ya 1915 kwenye kombora la 1917 hainisumbui. Kombora la 1915 lenye fyuzi ya 1918 hilo ndo linaniuliza maswali.

Mrusi sasa. Kwa wasomaji wa Kagera, Uganda, Kongo mashariki, hizi ndo mtakazoziona kwenye picha kuliko zile za Kaiser, maana vita vya 1978 na 1979 vilipiganwa kwa silaha nyingi za Kisovieti, ile mitambo ya roketi ya BM-21 Waganda wakaipa jina Saba Saba na mpaka leo wazee wanaliita hivyo. Chapa za Kisovieti ni rahisi kimpangilio: jina la fyuzi, kisha mara nyingi namba ya kiwanda, loti, na mwaka wa tarakimu mbili, zimetenganishwa kwa vistari. Hakuna jina la kampuni popote, kiwanda ni namba. Shida yake ni herufi. Kirusi kina herufi zinazofanana na zetu kwa sura lakini sio kwa sauti, Р ni R, В ni V, Н ni N, С ni S. Fyuzi ya roketi ya BM-21 imeandikwa МРВ, wewe unaisoma MPB, unaitafuta hivyo hupati kitu, wakati ni MRV. Vilevile РГМ-2 watu wanaandika PGM-2, na В-429 wanaandika B-429, hiyo ya mwisho angalau inakuletea majibu kwa bahati kwa sababu wengi wamekosea hivyo hivyo.

Kwenye kuseti kuna kitu kimoja cha kufurahisha. RGM-2 ina kibomba cha kuzungusha chenye О na З, yaani wazi na fungwa, ikiwa О haicheleweshi, ikiwa З inachelewesha. Fyuzi ya Mjerumani ya vita ya pili, A.Z. 23, nayo ina O na M, O ni bila kuchelewa. Maneno tofauti kabisa, lugha tofauti, maadui wakubwa, lakini O kwa wote wawili inaangukia maana ileile. Mmarekani yeye kwenye fyuzi yake ya M48 kaandika SQ (papo hapo) upande mmoja na DELAY (kuchelewa) upande wa pili, hana siri, na Wamarekani kwa ujumla ndo rahisi kuliko wote kusoma: aina, mtengenezaji, loti, mwaka, kwisha. Kwa sababu hiyohiyo sina mengi ya kusema juu yao.

Tukiwa kwenye vita ya pili, Mjerumani wa kipindi hicho ni mtu mwingine kabisa na yule wa Kaiser, wasichanganywe. Majina yalifichwa, badala yake kuna herufi ndogo tatu, mfano bmv ni Rheinmetall-Borsig kiwanda cha Sömmerda. Hapa sasa ndo mahali pekee ambapo kutafuta herufi za kiwanda kunalipa haraka, kwa sababu herufi zile zilipangwa na serikali na orodha zake zilipatikana baada ya vita. Utakuta pia tai mdogo na WaA na namba, huyo ni mkaguzi, sio kiwanda. Pr ni ile plastiki ngumu ya kubana iliyochukua nafasi ya metali, umg ni kwamba muundo umefanyiwa mabadiliko, na namba kama 0,15 kwenye mabano ni sekunde za kuchelewa, sio bei wala kipenyo.

Sasa uchague nini? Ukitaka historia ya viwanda, nani alitengeneza, mji gani, kampuni ya magari imegeukaje kuwa ya silaha, nenda kwa Mwingereza, anza na No. 80, zipo nyingi sokoni Ulaya na kila moja inaweza kuwa na herufi tofauti, unaweza kukusanya viwanda tu maisha yako yote. Ukitaka kufuatilia vita vya huku kwetu, nenda kwa Mjerumani wa Kaiser hata kama fyuzi zenyewe ni ghali na chache, kwa sababu vifupi vyake vinakupa silaha, na silaha huku zilikuwa chache kiasi kwamba unaweza kuzifuata mpaka kwenye meli iliyozileta. Ukitaka kitu kinachoonyesha kilichotokea vitani, sio kiwandani, chukua ya Mfaransa iliyotobolewa. Mrusi simshauri mtu amkusanye, wengi wa hizo ni za vita ambavyo watu wake bado wapo na mabaki yake bado yanaua, lakini kusoma chapa zake kwenye picha ni ujuzi unaofaa kwa mwandishi wa habari au mtu wa NGO kuliko hao wengine wote.

Kama unanunua kwa picha, Mwingereza muombe muuzaji akupigie duara zima la ukingo wa chini, picha nne au tano mwanga ukitokea pembeni sio mbele, maana mwanga wa mbele unafuta alama zilizogongwa kwa wepesi. Linganisha uzee wa pete na uzee wa kiwiliwili, ikiwa pete inang'aa na kiwiliwili kimepauka hiyo imeungwa kutoka fyuzi mbili. Mjerumani omba picha ya pete ili uone mita, na omba uzito kwa gramu, zinki na shaba hazidanganyi kwenye mizani. Mfaransa omba aizungushe ili uone tundu. Na kwa wote muuzaji akisema "nimeisugua ikawaka kama mpya" mwambie asante, tafuta nyingine, msasa umeshakula nembo ya kiwanda na hiyo ndo ulikuwa unailipia. Mrusi kwenye picha, chora herufi kama unavyoziona kwenye karatasi, ndipo uzigeuze moja moja, usiandike unachodhani kinatamkwa.